Waliokuwepo Wakanyamaza: Maneno ya Mtazamaji wa Tamthilia za Kisasi za Korea na China

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, dada zangu na kaka zangu, na nyie vijana mliosimama huko mlangoni: shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie tamthilia za kisasi na za mauaji zinazotoka Korea Kusini na China. Nimekubali haraka kwa sababu nazipenda sana, na kwa sababu kuna jambo limenikaa moyoni kuhusu tamthilia hizi ambalo sijasikia likisemwa. Mtaani tukikaa kuhadithiana sizoni, tunamzungumzia adui. Alivyokuwa katili, alivyoingia mtegoni, siku aliyolia na kusaga meno. Tunamzungumzia na steringi: mipango yake, subira yake, hata nguo zake. Kuna mtu wa tatu ambaye hatumtaji. Ni yule aliyekuwepo jambo lilipotendeka. Aliona kwa macho yake, akajua kuwa ni dhuluma, akanyamaza. Pengine alilipwa anyamaze, pengine aliogopa, pengine alikuwa na haraka zake. Mimi tamthilia ya kisasi naipimia hapo: inamfanya nini mtu huyo? Ikimsahau, hata kama ina damu na machozi ya kujaza ndoo, kwangu imepwaya.

Nitalazimika kuhadithia mpaka mwisho, maana bila mwisho hoja yangu haitaeleweka. Ambao hamjamaliza kutazama mnisamehe mapema.

Nianze na The Glory, maana wengi humu mmeiona. Ilitoka Netflix kwa mafungu mawili, la kwanza tarehe 30 Desemba 2022 na la pili tarehe 10 Machi 2023, epsodi 16 kwa jumla. Mwandishi ni Kim Eun-sook. Song Hye-kyo ndiye Moon Dong-eun, binti ambaye alipokuwa sekondari wenzake walimchoma mwili kwa pasi ya nywele ndani ya ukumbi wa michezo wa shule. Kila anayeisimulia tamthilia hii anaanza na pasi ile, na siwalaumu. Ni tukio ambalo ukiliona unajishika mkono mwenyewe. Lakini rudieni epsodi ya kwanza, safari hii muiangalie karatasi. Dong-eun anaamua kuacha shule. Kwenye fomu, pale pa kujaza sababu, anaandika ukatili aliofanyiwa na majina ya waliomfanyia. Mwalimu wake wa darasa anampiga kwa kuandika vile. Baadaye upande wa Yeon-jin, kiongozi wa wale watesaji, unapeleka pesa kwa mama mzazi wa Dong-eun, na mama yule anasaini fomu nyingine yenye sababu nyingine: mtoto ameshindwa kuyazoea mazingira ya shule. Anapokea pesa, anaondoka zake, binti anabaki peke yake.

Pasi iliunguza ngozi. Karatasi ile ndiyo iliyosema kuwa hakuna kilichotokea. Kim Eun-sook anajua tofauti ya majeraha haya mawili, na ndiyo maana orodha ya Dong-eun haikuishia kwa wale watesaji watano. Mwalimu yumo. Mama yumo. Na ukimtazama vizuri Dong-eun anavyolipiza, yeye mwenyewe hashiki kisu. Anakusanya. Miaka inapita anabandika picha ukutani, anasoma maisha ya kila mmoja, anajifunza mchezo wa baduk kwa sababu mume wa Yeon-jin anaupenda, anasomea ualimu mpaka anakuwa mwalimu wa darasa la mtoto wa Yeon-jin. Kisha anawaacha waovu wale waumane wenyewe kwa siri zao. Silaha yake ni ushahidi. Shule ilikataa kuandika, polisi hawakuandika, basi ameandika yeye.

Na hapo ndipo anapoingia mtu ninayempenda kuliko wote katika tamthilia ile, Kang Hyeon-nam, anayechezwa na Yeom Hye-ran. Ni mama mfanyakazi wa ndani, anapigwa na mume, ana binti anayetaka kumwokoa. Anakubaliana na Dong-eun: mimi nitakupelelezea watu wako, wewe utaniondolea mume wangu. Dong-eun anamfundisha kuendesha gari ili aweze kuwafuatilia. Yule mama anakaa nyuma ya usukani na kamera yake, na taratibu unaanza kumwona anacheka, anapiga stori, anafurahia kazi. Kwa mara ya kwanza kuna mtu anamsikiliza. Wale wanaosema The Glory ni tamthilia ya chuki naomba waniambie wamemweka wapi Hyeon-nam. Wanawake wawili walioumizwa, kila mmoja anakuwa shahidi wa mwenzake. Mimi nilipofika hapo nilisimamisha, nikanyanyuka, nikaenda kunywa maji.

Kuna mambo ya nje ya tamthilia hiyo ambayo lazima niyataje. Kisa cha pasi kilifananishwa na tukio la kweli la mwaka 2006 katika mji wa Cheongju, ambako mwanafunzi wa kike alichomwa na wenzake kwa namna hiyo hiyo. Mwandishi naye alieleza kwamba wazo lilimjia kutokana na swali la binti yake: mama, kipi kingekuuma zaidi, mimi kumpiga mtu mpaka afe au mimi kupigwa mpaka nife? Na Machi 2023, fungu la pili lilipotoka tu, muongozaji wa tamthilia yenyewe, Ahn Gil-ho, alituhumiwa kuwapiga wanafunzi wadogo mwaka 1996 alipokuwa akisoma Ufilipino. Alikana kwanza, kisha akakiri na kuomba radhi. Wapo waliosema wataacha kuitazama. Mimi niliendelea, kwa sababu walioumizwa mwaka 1996 walisikilizwa mwaka 2023, na bila tamthilia ile sidhani kama kuna mtu angewauliza.

Serikalini pia kulichemka. Februari 2023 wakili Chung Sun-sin aliteuliwa kuongoza ofisi ya taifa ya upelelezi wa polisi, na siku moja baadaye akajiondoa, kwa sababu ilifufuka habari ya mwanawe aliyemtesa mwenzake shuleni. Aprili mwaka huo serikali ikatangaza kwamba kumbukumbu za ukatili mkubwa shuleni zitatunzwa hadi miaka 4 baada ya mwanafunzi kumaliza, na kwamba kuanzia udahili wa 2026 vyuo vikuu vyote vitazizingatia. Rudini kwenye ile fomu ya Dong-eun. Jambo ambalo mama alilipwa lisiandikwe, sasa linatakiwa kuandikwa. Sisemi tamthilia peke yake ndiyo iliyoleta hayo. Wazazi na wahanga walipigania kwa miaka mingi. Ila iliwasha taa wakati watu wako macho.

Sasa Itaewon Class. Ilirushwa JTBC mwaka 2020, Park Seo-joon akiwa Park Sae-ro-yi. Watu wanaikumbuka kwa nywele zake na kile kibaa. Mimi naikumbuka kwa siku yake ya kwanza shuleni. Ameingia darasa jipya, hajui mtu, anakuta mtoto wa tajiri, Jang Geun-won, anamwonea mwenzao aitwaye Ho-jin na kummwagia maziwa kichwani. Darasa zima linatazama. Sae-ro-yi peke yake ndiye anayenyanyuka. Anampiga ngumi Geun-won, anaambiwa apige magoti aombe msamaha kwa baba wa yule kijana, mwenye kampuni anakofanya kazi baba yake mwenyewe. Anakataa. Anafukuzwa shule, baba anaacha kazi, na baadaye baba anagongwa na gari la Geun-won huyo huyo na kufa. Yaani mkasa wote ule, jela, njaa, miaka ya kujenga biashara, umetokana na kijana mmoja kukataa kuwa mtazamaji.

Halafu angalieni Ho-jin. Yule aliyemwagiwa maziwa hakupotea. Anarudi akiwa msimamizi wa uwekezaji wa Sae-ro-yi, anamsaidia kununua hisa za kampuni ya adui kimya kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na hapa mshindo unatoka kwa yule mnyonge aliyetetewa siku moja. Tamthilia ile ina mapungufu yake, epsodi za mwisho zimejazwa utekaji na mbio ambazo hazikuwa na haja, lakini uzi huu wa Ho-jin umeshonwa vizuri kuliko watu wanavyokumbuka.

Kwa Wakorea nimalizie na Signal ya mwaka 2016, kazi ya mwandishi Kim Eun-hee, iliyorushwa tvN. Hii ndiyo ninayowapa watu wanaodai hawapendi tamthilia. Mpelelezi wa leo anazungumza kwa redio ya upepo na mpelelezi wa zamani, na kesi zilizokufa zinafunguliwa. Inaanza na mtoto wa shule, Hae-young, ambaye siku ya mvua anamwona mwanamke akiondoka na mwenzake wa darasa. Msichana yule anapatikana amekufa. Polisi wanamtafuta mwanaume. Mtoto anakwenda kituoni kusema alichokiona, watu wazima wanapita huku na huku, hakuna anayemsikiliza. Huyu ni shahidi wa aina nyingine: anataka kusema na hakuna sikio. Anakua, anakuwa polisi, na siku kesi ile inakaribia kufutwa na muda wa kisheria, zimebaki dakika tu kufika saa sita usiku, ndipo sauti yake inapata mahali.

Muda wa kisheria haukuwa hadithi. Korea Kusini ilikuwa na sheria kwamba mauaji yakipita miaka kadhaa bila mshtakiwa, kesi inakufa. Iliondolewa mwaka 2015, baada ya wazazi wa mtoto Tae-wan, aliyeuawa kwa kumwagiwa tindikali mwaka 1999, kuhangaika miaka na miaka. Sheria mpya watu wanaiita kwa jina la mtoto huyo. Signal pia ilichota kutoka mauaji ya Hwaseong, wanawake 10 waliouawa kati ya 1986 na 1991. Miaka mitatu baada ya tamthilia kuisha, mwaka 2019, vipimo vya vinasaba vikamtaja Lee Choon-jae, aliyekuwa tayari gerezani kifungo cha maisha kwa mauaji mengine. Hakuweza kushtakiwa kwa yale ya Hwaseong, muda ulishapita. Na mtu aliyefungwa kwa mauaji mojawapo, akakaa ndani karibu miaka 20, akasafishwa na mahakama Desemba 2020. Nikisikia mtu anasema hadithi hizi ni za kupotezea muda, namkumbuka yule aliyekaa ndani karibu miaka 20. Nchi yenye watu wa namna hiyo haiwezi kukosa tamthilia za kisasi.

Tuvuke bahari twende China. Kwetu hapa njia ya tamthilia za Kichina ilifunguliwa na hadithi ya kifamilia kabisa. Mwaka 2011 TBC ilionyesha Doudou na Mama Wakwe Zake ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwa jina. Wakorea walikuwa wameshatushika kwa Jumong, ile ya wafalme na mishale, ambayo katika vibanda umiza watu waliimaliza usiku kucha. Kwa hiyo tulipofika kwenye visasi tulikuwa tumeshazoea nyuso, majina na heshima zao, na sauti za watafsiri wetu zilishatufundisha kusikiliza.

Ya Kichina ninayoiweka juu ya zote ni Nirvana in Fire ya mwaka 2015. Epsodi 54, na nawaomba msitishwe na idadi. Jeshi la watu elfu 70 limesingiziwa uhaini na kuteketezwa. Mfalme amemuua hadi mwanawe mkubwa kwa shutuma hiyo. Amebaki kijana mmoja, Lin Shu, aliyenusurika akiwa na sumu mwilini, na tiba yake ikambadilisha sura na kumla mwili. Miaka kumi na zaidi baadaye anaingia mji mkuu kwa jina la Mei Changsu, mgonjwa, kila mara na koti zito na moto pembeni. Hu Ge anamcheza kwa utulivu ambao sijauona tena. Hawezi kuinua upanga. Yule aliyekuwa jemadari kijana sasa akikohoa watu wanamkimbilia. Na kisasi anachokitaka si kichwa cha mfalme. Anataka kesi ifunguliwe upya, mbele ya watu wote, mfalme akiwa hai na akili zake timamu, na majina ya wale elfu 70 yasafishwe.

Nawaletea tukio moja. Ni sherehe ya siku ya kuzaliwa mfalme. Ukumbi umejaa, zawadi, mvinyo, wakuu wa nchi wamekaa kwa vyeo vyao. Binti mfalme Liyang, dada yake mfalme, anatoka mbele. Mkononi ana maandishi ya marehemu mumewe, mmoja wa waliopanga ule uongo. Anaanza kuyasoma kwa sauti. Mfalme anafoka, anaamuru aondolewe. Hapo waziri mmoja anasimama, anatoka mbele, anainama: naunga mkono kesi isikilizwe upya. Anasimama wa pili. Wa tatu. Wengine ni wazee ambao miaka ile walikuwepo katika ukumbi huo huo na hawakufungua mdomo. Wanasimama mmoja mmoja mpaka mfalme anajikuta hana mtu nyuma yake. Hakuna damu hata tone. Mimi sijawahi kuona kisasi kizito kama kile, kwa sababu aliyeshindwa pale ni ule ukimya. Mfalme alikuwa amejengewa kiti juu ya ukimya huo.

Iliyofuata kunishika ni The Long Night ya 2020, ya iQiyi, epsodi 12 tu, kutoka riwaya ya Zijin Chen. Mwanaume amenaswa kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi na sanduku la nguo, ndani ya sanduku mna maiti. Ni wakili. Anakiri kuua, kisha mahakamani anakana. Tunarudishwa nyuma miaka mingi, kwa mwalimu kijana wa kujitolea aliyekwenda kufundisha kijijini, akagundua wanafunzi wa kike wanadhalilishwa na watu wenye pesa, akaripoti. Akauawa, na akafanywa yeye ndiye mkosaji. Mwendesha mashtaka Jiang Yang, anayechezwa na Bai Yu, anaipokea kesi hiyo akiwa kijana mwenye mchumba na kazi nzuri. Kesi inamla. Kazi inakwenda, ndoa inavunjika, anasingiziwa rushwa na kufungwa, anatoka ameota mvi, mapafu yanaoza.

Yupo na wenzake baada ya yote hayo. Amefiwa na matumaini mangapi, hajalia. Halafu anagundua pochi yake imeibwa. Pochi tu. Hapo ndipo anapovunjika, analia kama mtoto, wenzake hawajui wamshike wapi. Bai Yu alilicheza tukio lile bila kutafuta uzuri wa sura, na kwangu ndiyo dakika bora ya uigizaji katika tamthilia zote nilizozitaja leo. Ile maiti sandukuni ni yeye, na mwishoni tunaambiwa hakuuawa na mtu. Alijua anakufa, akautoa mwili wake uwe mshindo utakaowalazimisha watu kutazama. Wale wenzake, daktari wa kupima maiti, polisi wa zamani na yule wakili, wakalibeba. Nimesikia watu wakisema mwisho ule ni wa kukatisha tamaa. Mimi nawajibu kuwa unatisha, ndiyo, na ulipaswa kutisha, kwa sababu unatuonyesha bei ambayo mtu mmoja alilipa kwa ukimya wa wengi.

Reset ya mwaka 2022 inaingia hapa kwa upande wa pili wa shilingi, na naomba vijana mnisikilize vizuri. Basi namba 45 linalipuka, na wasichana kwa wavulana wanaopenda mambo ya muda kujirudia watafurahi kwa sababu abiria wawili wanarudishwa nyuma kila mara, wanajaribu kumtafuta mwenye bomu. Wanawashuku abiria wenzao mmoja mmoja. Kijana aliyejifunika na begi lake: ndani ana paka. Mwanaume mwenye matikiti, ametoka jela, anatamani kumwona mwanawe. Kibarua anayebana mfuko wake kifuani hataki mtu auguse: ndani mna pedi alizomnunulia binti yake. Tukio la pedi zile lilinifanya nimwone kila abiria wa daladala kwa jicho jingine. Na mwenye bomu ni mama mtu mzima aliyebeba presha kuka, mumewe ndiye dereva. Binti yao alidhalilishwa ndani ya basi, akashuka katikati ya njia, akagongwa akafa, na dunia ikamtukana mitandaoni bila kujua.

Mama yule ana haki ya hasira yote duniani. Lakini ameamua kuwaua abiria ambao hawakuwepo siku ile. Tamthilia haimdhihaki na haimpi ruhusa. Inamlazimisha, na inatulazimisha sisi, kumtazama yule mwenye pedi. Hapa hoja yangu naiwekea mpaka mimi mwenyewe: deni la aliyenyamaza anadaiwa yeye, halihamii kwa kila aliyekaa kwenye kiti kile kile.

Yapo mambo yanayonikera, na nitayasema bila kuzunguka. The Penthouse ya SBS, iliyoanza 2020, ilianza kwa nguvu: mtoto anaanguka kutoka ghorofani kwenye jumba la matajiri na kila mkazi ana lake la kuficha. Ukimya wa jengo zima! Nilidhani nimepata tamthilia ya maisha yangu. Halafu wafu wakaanza kurudi. Aliyekufa anarudi, aliyerudi anakufa tena, na kifo kikishakosa uzito kisasi nacho hakina uzito. Mwandishi wake, Kim Soon-ok, ndiye aliyetupa Temptation of Wife ya 2008, ambamo mke anajichora kidoa usoni na mumewe hamtambui. Namheshimu kwa kasi yake, hakuna anayejua kukata epsodi kama yeye. Kwa wahanga wake sina imani naye.

Vincenzo ya 2021 nimeipenda zaidi ya nilivyotarajia, kwa ajili ya wapangaji wa lile jengo la Geumga: dobi, wapishi, mwalimu wa piano, watu waoga kabisa wanaojifunza kusimama pamoja. Ila yale mateso ya mwisho, taratibu, kwa mashine, niliyaruka. Steringi akianza kufurahia maumivu mimi nashuka kwenye gari lake.

Na hizi tamthilia fupi za simu za kichina, za dakika moja moja, unanunua sarafu ili uone inayofuata: kofi, dharau, kofi, kumbe maskini ni bilionea, kofi. Nazitazama pia, sikatai. Lakini humo hakuna shahidi kabisa. Waliosimama pembeni wapo kwa ajili ya kucheka mwanzoni na kushangaa mwishoni. China kwenyewe mamlaka za utangazaji zilizisafisha kati ya mwisho wa 2022 na mwanzo wa 2023, zaidi ya 25,000 zikaondolewa. Mimi sipendi mkasi wa serikali kwenye hadithi, hata kidogo. Mkasi huo huo, Januari 2019, ulizitoa tamthilia za kasri kama Story of Yanxi Palace kwenye vituo vya televisheni baada ya gazeti la Beijing Daily kuzilaumu. Ninachosema ni kwamba mtazamaji aliyekula The Long Night hawezi kushiba kofi.

La mwisho, na hili ndilo linalonifanya nisilale. Watoto wa waovu. Ye-sol, mtoto wa Yeon-jin katika The Glory, hakuchoma mtu. Dong-eun anajua hivyo, na bado anaingia darasani kwake kwa makusudi ili mama yake atetemeke. Yupo pale siku zote, na viatu vyake vidogo, hajui yeye ni uwanja wa vita. Mwishoni anachukuliwa na Do-yeong, baba aliyemlea ingawa si wa damu, wanahamia Uingereza. Kamera inaondoka naye haraka mno. Tamthilia iliyokuwa makini kuliko zote kuhusu mtu aliyekuwepo akaona, imemwacha shahidi mdogo kuliko wote bila kumuuliza chochote. Alimwona mwalimu wake, alimwona mama yake akipungua siku hadi siku, alisikia milango ikibamizwa. Atafika miaka kumi na minane, atatafuta jina la mama yake kwenye simu. Kama Kim Eun-sook ataandika tena kuhusu watu hawa, naomba aanze na siku hiyo. Waliohamaki kuhusu The Penthouse, mikono nimeiona. Kipaza sauti kinakuja.